Injini Ndogo za Kilindini na Chai ya Kericho: Reli ya Bandari Siku za Vita

Kikombe cha chai kinachoandaliwa majumbani mwetu asubuhi, pamoja na mahamri na mbaazi, tumekizoea hata ni nadra mtu kuuliza njia kilikopitia. Majani yake hayaoti Mvita wala Lamu. Huota juu kabisa, katika vilima vya Kericho na Bomet, mahali penye urefu wa takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako mvua haikatiki kwa muda mrefu na asubuhi huamka na ukungu. Baina ya vilima vile na bahari yetu ipo reli, na mwisho wa reli ile ipo bandari ya Kilindini.

Juma hili, wasomaji wetu watukufu, tumekusudia kueleza kipande kimoja cha njia hiyo ambacho vitabu vya watoto wetu hukipita kwa haraka: reli fupi za gatini, na injini ndogo za mvuke zilizofanya kazi juu yake katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945. Wengi wetu twaijua reli kwa habari za simba wa Tsavo na za magari makubwa ya moshi yaliyopanda milima. Injini za bandari hazina visa vya kutisha. Hata hivyo, pasipo hizo sanduku la chai lisingefika melini, na watu waliozihudumia walikuwa watu wa mitaa yetu. Huenda wengine ni babu za wanaosoma ukurasa huu.

Kutoka Lumbwa hadi baharini

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na Disemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali palipopewa jina la Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Florence alikuwa mke wa Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli, na bibi huyo ndiye aliyepewa heshima ya kupigilia msumari wa mwisho. Tumelitaja jina lake kwa makusudi. Habari yetu ya leo, ukiitazama kwa undani, ni habari ya majina: nani aliandikwa na nani hakuandikwa.

Kazi ya kuijenga reli hiyo ililetewa vibarua zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Waislamu, Masingasinga na Wahindu wa Punjab. Karibu 2,500 walikufa. Kati ya umati wote ule ni wachache mno ambao leo mtoto wa Pwani aweza kuwataja. Mmoja ni Sayyid Baghali, msimamizi wa vibarua aliyesifika kwa nguvu zake, ambaye kaburi lake lipo ndani ya msikiti wa Mackinnon Road, kando ya reli. Wasafiri wa Nairobi na Mombasa hadi leo husimama pale wakaswali na kumwombea. Yeye alipata watu wa kumkumbuka kwa sababu kaburi lake lilijengewa. Wenziwe walizikwa porini.

Kutoka Nakuru reli ile hupanda milima ya Mau mpaka kupita mita 2,500, kisha huteremka kuelekea ziwani kwa madaraja mengi ya chuma yaliyorushwa juu ya mabonde. Katika mteremko huo zipo stesheni za Londiani, Lumbwa na Fort Ternan, zote ndani ya Kericho ya leo. Jina Lumbwa nalo lina mafunzo. Halikuwa jina ambalo Wakipsigis walijiita wenyewe. Ni jina walilopewa na wageni, likabandikwa kwenye ubao wa stesheni kana kwamba ndilo lao. Baadaye stesheni hiyo ikaitwa Kipkelion, na hivyo ndivyo ijulikanavyo sasa.

Chai ya biashara kubwa iliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kufyeka na kupanda. Ardhi yenyewe ilikuwa imekwisha kutolewa mikononi mwa wenyeji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sehemu yake ilikuwa imetengewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani, na mradi wao ukaanguka. Wakipsigis waliokuwa wakilisha mifugo yao pale waligeuzwa maskwota au vibarua katika nchi yao. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, ulioongoza kwa utabiri na mashauri, ulihamishwa kwa sheria na kupelekwa Gwassi, karibu na ziwa, mbali na watu wake. Malalamiko ya ardhi hiyo hayajaisha hadi leo. Anayekunywa chai si lazima ayabebe moyoni kila siku, lakini ni haki ayajue.

Reli haikufika mjini Kericho, wala Bomet. Chai ilikaushwa viwandani mashambani, ikatiwa katika masanduku ya mbao nyembamba yaliyowekwa karatasi ya madini kwa ndani ili unyevu usiingie, ikapelekwa kwa barabara mpaka stesheni. Hapo ikapakiwa mabehewani, na safari ya kuteremkia baharini ikaanza. Injini kubwa ndizo zilizoivuta milimani na nyikani. Zilipofika Mombasa, kazi yao iliishia hapo.

Injini yenye tangi ni kitu gani

Injini ya safari ndefu huvuta nyuma yake kigari cha maji na kuni au makaa ya mawe. Ni kama mwuza maji wa mitaa yetu na mkokoteni wake: hubeba maji mengi, lakini mwingize katika vichochoro vya Mji wa Kale, hana pa kugeukia. Injini yenye tangi hubeba maji yake mwilini, katika matangi yaliyofungwa ubavuni mwa boila, na makaa yake katika sanduku dogo nyuma ya dereva. Ni kama mtu aliyejitwika ndoo kichwani. Hubeba kidogo, ila hupita popote.

Faida zake gatini ni tatu. Kwanza, huenda mbele na kurudi nyuma kwa wepesi ule ule, kwa hiyo haina haja ya kugeuzwa. Pili, uzito wa maji hukandamiza magurudumu juu ya reli, basi injini hushika vizuri inapoanza kusukuma mzigo mzito kutoka hali ya kusimama. Tatu, kwa kuwa ni fupi, hupinda katika kona kali za baina ya maghala na magati, ambamo injini ndefu ingetoka relini. Kasoro yake ni kiu. Maji yake huisha upesi, na kila yapungukapo, ule uzito wa kushikia nao hupungua. Kwa hivyo mtu wa injini ya bandari alipaswa kujua saa ya kunywesha kama mchunga ng'ombe ajuavyo.

Reli ya Kenya na Uganda, yenye upana wa mita moja, ilipokea injini za namna hii kati ya 1926 na 1930. Zilitoka viwanda vya Uingereza, kikiwamo Vulcan Foundry cha Lancashire, na zikapewa alama ya ED1. Zilikuwa na magurudumu mawili madogo mbele, sita makubwa ya kuvutia katikati, na mawili madogo nyuma, ndipo zikaweza kukimbia pande zote mbili. Kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa: kuyakata kutoka kwenye treni iliyowasili, kuyagawa moja moja kwa gati na kwa ghala, na kuyarudisha matupu yakaunganishwe upya kwa safari ya bara.

Kilindini kabla ya vita

Wazee waliotutangulia waliikuta Mombasa ambayo mizigo yake ilitembea kwa nguvu za mwili. Tangu miaka ya 1890 mji ulikuwa na reli nyembamba za vigari vilivyosukumwa na watu kwa mikono, kutoka Mji wa Kale hata Kilindini, vikichukua abiria na bidhaa. Meli kubwa nazo hazikuweza kufunga ukingoni. Zilitia nanga majini, na mizigo ikashushwa kwenye matishari, kisha ikabebwa na mahamali mabegani mpaka nchi kavu.

Mwaka 1926 magati mawili ya kwanza ya maji makuu yalifunguliwa Kilindini, na miaka michache baadaye yakawa matano. Sasa meli iliweza kulala ubavu kwa ubavu na behewa. Si ajabu basi kwamba injini za ED1 zilianza kuwasili mwaka ule ule, maana gati bila injini ya kupanga mabehewa ni kama jiko bila mpishi. Bandari na reli zilikuwa chini ya idara moja, Kenya and Uganda Railways and Harbours, na chai ya Kericho, ambayo miche yake ndiyo kwanza ilikuwa ikishika ardhini, ilikuta mlango wa bahari umekwisha kufunguliwa.

Vita vilipofika mlangoni

Italia iliingia vitani Juni 1940. Kwa kuwa ilikuwa imeshika Uhabeshi na Somalia, mpaka wa kaskazini wa Kenya ukawa uwanja wa mapambano kwa siku moja. Majeshi yaliletwa Kilindini kutoka Afrika Kusini, Nigeria na Gold Coast, pamoja na malori yao, mizinga, mafuta na vyakula vya makopo. Vyote hivyo vilishushwa kwenye magati yale yale na kuwekwa juu ya mabehewa yale yale yaliyokuwa yakileta chai, kahawa, pamba na katani. Mwaka uliofuata, Aprili 1941, Addis Ababa ilitekwa na majeshi yaliyopitia kwetu.

Wakati huo bahari ya Mediterania ilikuwa haipitiki kwa salama, na meli nyingi za Waingereza zikazunguka kusini mwa Afrika. Kisha, Aprili 1942, ndege za Wajapani zilipiga Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon. Manowari za Kiingereza za bahari ya mashariki zikarudi nyuma na kuifanya Kilindini kituo chao. Shule ya Allidina Visram, ambayo watoto wetu huisoma hadi leo, ilichukuliwa na watu wa jeshi la majini waliokaa humo wakifumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Mji wa Mombasa, uliozoea majahazi ya kaskazi na kusi, uliamka ukakuta manowari zimejaa mlangoni mwake.

Fikirini basi kazi ya injini zile ndogo. Treni huwasili kutoka bara ikiwa na mabehewa mchanganyiko: haya ni chai ya meli iliyoko gati la pili, haya ni katani ya ghalani, haya matupu yahitajika kupokea risasi na mabomu kutoka meli nyingine. Behewa moja likiwekwa mahali pasipo pake, meli hungoja. Meli ikingoja, msafara wa meli zilizopangiwa kulindwa pamoja baharini huchelewa au huiacha peke yake, na meli iliyoachwa peke yake ilikuwa windo la nyambizi. Injini iliyosukuma behewa mita mia tatu gatini ilikuwa sehemu ya vita kama bunduki.

Hatari yenyewe haikuwa ya kubuni. Mwezi Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Ceylon, ikiwa imepakia askari wa mizinga wa Afrika Mashariki kwa mamia, pamoja na wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache. Waliokufa walizidi 1,200, na miongoni mwao walikuwamo wanawake 77. Miezi miwili baadaye, tarehe 14 Aprili, meli ya Fort Stikine iliyobeba baruti na pamba ilishika moto gatini Bombay ikalipuka, ikaua mamia ya watu na kuteketeza sehemu kubwa ya bandari ile. Mombasa ilikuwa na jamaa wengi Bombay. Kila kuli wa Kilindini aliyesimama karibu na behewa la baruti, na injini yenye moto tumboni ikija kulisukuma, alikuwa na sababu ya kumkumbuka Mola wake.

Na chai? Uingereza ilianza kuwagawia watu wake chai kwa kipimo Julai 1940, wakia mbili kwa mtu kwa juma, ambazo ni kama gramu 57. Serikali yao ilinunua chai ya makoloni kwa jumla, kwa kuwa iliona kwamba mfanyakazi wa kiwandani na askari wakikosa chai, moyo wao huvunjika. Basi majani yaliyochumwa na mikono ya watu wa Kericho yalihesabiwa kuwa ni zana. Yaliteremka mlimani kwa mabehewa, yakasukumwa gatini na injini zenye tangi, yakaingia melini kando ya nafasi iliyotoka kushushwa mabomu.

Injini za vita kwingineko

Nchi zilizopigana ziliijua thamani ya injini hizi, zikaziunda kwa wingi wakati wa vita vyenyewe. Marekani iliunda 382 za aina iitwayo S100 kuanzia mwaka 1942, fupi na zenye nguvu, mahsusi kwa bandari na bohari za jeshi. Nyingine zilipelekwa Misri, Palestina na Iraq, nyingine Ulaya. Vita vilipokwisha, reli ya kusini ya Uingereza ilinunua kadhaa, ikaziweka katika bandari ya Southampton, ambako zilifanya kazi mpaka miaka ya 1960. Uingereza nayo ilitoa aina ya Austerity mwaka 1943, iliyosanifiwa na kiwanda cha Hunslet cha Leeds, na jeshi likapokea 377.

Injini hizo zilikuwa za reli pana ya kule, hazikutufaa. Reli yetu ya mita moja ililetewa wakati wa vita injini kubwa aina ya Garratt kwa ajili ya safari ndefu, lakini kazi ya bandari iliangukia injini zilizokuwapo tangu 1926. Zilikwisha kuwa na miaka kumi na tano, zikala chumvi ya bahari mchana na usiku, na vipuri kutoka Uingereza vilikuwa vya kungojewa. Kama ziliendelea kutembea, sababu yake ni mafundi wetu.

Watu wa injini

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Juu ya injini moja walisimama watu wawili au zaidi: dereva na mchochea moto. Chini yao walikuwako mwenye kugeuza njia za reli, mwenye kuunganisha mabehewa, mwenye kupakaza mafuta, na kijana aliyeingia ndani ya tanuri lililopoa ili kufagia majivu. Madereva wengi wa zama hizo walikuwa Wahindi, na makarani wengi Wagoa. Waafrika walianzia chini, kwenye moto na masizi, na wengine wakapanda ngazi kadiri miaka ilivyokwenda. Mwenye kuunganisha mabehewa ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Alisimama baina ya vyuma viwili vinavyokaribiana, usiku, mvua ikinyesha, akitegemea sauti na taa ya mkononi. Akiteleza, hakuna wa kumwahi.

Majumbani walikuwako wanawake zao. Mke wa mtu wa reli katika landhi alijifunza kupika kwa saa za zamu, si kwa saa za jua. Alizifua nguo zenye makaa na grisi kwa maji ya kuchota. Alizijua ving'ora kwa kuvisikia, akatambua lini mumewe atarudi na lini injini yake ingali gatini. Hakuna ripoti ya idara iliyomhesabu, ingawa zamu ile isingeendeshwa bila yeye.

Na pembeni yao walikuwa makuli wa gati: Waswahili, Wamijikenda, Wahadhrami, na watu wa bara waliokuja kutafuta riziki. Wengi waliajiriwa kwa siku. Neno letu kibarua lenyewe latokana na kijikaratasi alichopewa mtu kuwa ni ushahidi wa kazi ya siku ile. Siku ikiisha, karatasi nayo huisha, na jina la mtu halikai katika daftari lolote. Injini ilikuwa mali ya idara, kwa hiyo iliandikiwa nambari, kiwanda, mwaka, uzito na kila tundu lililozibwa. Kuli wa siku alikuwa idadi: leo wameingia watu kadhaa, kesho kadhaa. Ndiyo maana leo mtafiti aweza kusoma maisha ya injini tangu kuzaliwa hadi kufa, na asimpate mtu hata mmoja kati ya waliosimama ubavuni mwake usiku mmoja wa mwaka 1942.

Watu hao hawakuwa mabubu. Vita viliongeza kazi na vikapandisha bei ya unga, nguo na kodi ya nyumba, ilhali ujira haukufuata. Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi Mombasa, wa bandari, wa reli na wa majumbani, na kwa siku kumi na zaidi magati yalinyamaza. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi, Chege Kibachia, alikamatwa baadaye mwaka huo akahamishiwa Kabarnet, akakaa huko karibu miaka kumi. Katika miaka ya 1950 bandari ilianza kuwaandikisha makuli kwa majina katika daftari la kudumu. Kwa mtu wa leo daftari ni jambo dogo. Kwa mtu aliyeishi kwa kijikaratasi cha siku, jina kuandikwa kulikuwa na maana ya mshahara wa mwezi, nyumba, na kitu cha kuwaachia wanawe.

Kule Kericho na Bomet mambo hayakuwa tofauti. Chai huchumwa majani mawili na ncha, hutiwa kapuni, kapu hupimwa, na uzito huandikwa. Baada ya vita, na hasa baada ya uhuru, wakulima wadogo nao walipata kupanda, wakawa na viwanda vyao kama Kapkoros na Mogogosiek huko Bomet, na akina mama wengi wamesomesha watoto kwa mapato hayo. Lakini wale waliochuma katika miaka ya vita wako katika hali moja na makuli wetu: kilo zao zaonekana vitabuni, wao hawaonekani.

Zilikoishia

Baada ya vita injini zetu nyingi ziligeuzwa zitumie mafuta mazito badala ya kuni na makaa. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na injini za ED1 zikaingizwa katika kundi lililoitwa daraja la 11. Kati ya 1952 na 1953 zikaja injini nyingine 18 zenye tangi kutoka Glasgow, kubwa zaidi, za daraja la 13, kusaidia bandari na nyua za stesheni. Kisha dizeli ikaingia, na kufikia karibu mwaka 1980 moshi ulikuwa umekoma. Shirika la pamoja lilikuwa limevunjika mwaka 1977. Reli na bandari zikawa mashirika mawili, kila moja na mlango wake.

Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imehifadhiwa injini ya ED1, na ya daraja la 13 pia. Jirani zake ni Garratt kubwa za daraja la 59 zenye majina ya milima, kama Mount Gelai na Mount Shengena. Injini ndogo hazikupewa majina. Zina nambari tu, kama watu waliozihudumia.

Chai ya Kericho siku hizi hufika Mombasa zaidi kwa malori, na tangu mwaka 1969 mnada wake mkuu hufanyika hapa mjini kwetu. Reli ya zamani kati ya Nakuru na Kisumu imekarabatiwa, na mwishoni mwa mwaka 2021 abiria walianza tena kupita Londiani na Kipkelion.

Kilichobaki mikononi mwetu

Waliokuwa watu wazima Kilindini mwaka 1942 wamekwisha kutangulia, karibu wote. Mola awarehemu. Lakini wapo walio hai ambao walichochea moto wa injini za mwisho katika miaka ya 1960 na 1970. Leo ni wazee wa miaka sabini na themanini, wengine Mombasa, wengine Voi, wengine Kipkelion. Wapo pia wake zao na binti zao, ambao mara nyingi hukumbuka zaidi yao. Hao wakiondoka bila kuulizwa, mlango huu utafungwa kabisa.

Twapendekeza basi kwa kila nyumba yenye mzee wa reli au wa bandari. Mkae naye siku ya mapumziko, pawe na chai, na mtoto mmoja mwenye daftari. Aulizwe: uliitwa nani kazini? Uliajiriwa mwaka gani, na nani aliyekufundisha? Injini yako ilikuwa na nambari gani? Mlipata ajali, na aliyeumia alikuwa nani? Nani alikuwa jirani yako landhini? Mama aulizwe yake peke yake, bila mume kumjibia: zamu za usiku aliziendeshaje, mshahara ulipochelewa watoto walikula nini, mwaka wa mgomo walikuwa wapi?

Picha za zamani zitolewe kwenye mifuko ya plastiki, kwa sababu hewa yetu ya bahari huzioza humo ndani. Ziwekwe katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Nyuma ya picha paandikwe kwa penseli, pole pole, majina ya wote waonekanao kutoka kushoto kwenda kulia, na mwaka. Vitambulisho vya kazi, barua za kuajiriwa, vyeti vya kustaafu na hata stakabadhi za mshahara zisichomwe wakati wa kufagia nyumba kabla ya Ramadhani. Familia zilizooa na kuolewa Kericho na Bomet zifanye vivyo hivyo na bibi waliochuma chai, kwa lugha yao wenyewe, kisha mtoto afasiri.

Majina yatakayopatikana hayatakuwa mengi. Hata hivyo, jina moja lililoandikwa vizuri, pamoja na kazi yake na mwaka wake, latosha kuwajulisha wajukuu kwamba chai ile ya Kericho haikujisukuma yenyewe mpaka melini.